Medawar na Figo Niliyotaka Kumpa Mama

Wanachuo wenzangu, mwaka jana nilijitolea kumpa mama yangu figo moja. Makundi yetu ya damu yalipatana, nikajua mambo yamekwisha. Kumbe bado. Katika kipimo cha mwisho walichanganya seli zangu na majimaji ya damu yake, seli zangu zikashambuliwa. Daktari akatueleza kwamba mama ana kingamwili dhidi yangu, na huenda alizipata aliponibeba tumboni. Niliumia, jamani. Ndipo nikaanza kumsoma Peter Medawar.

Alizaliwa Brazil mwaka 1915, baba Mlebanoni na mama Mwingereza, akasomea zuolojia Oxford. Wakati wa vita ndege ilianguka karibu na nyumbani kwake, na mwanajeshi mmoja akaungua vibaya. Madaktari wakamwomba Medawar msaada, na swali likamganda: kwa nini ngozi ya mtu mwingine haidumu mwilini?

Akaenda Glasgow kufanya kazi na daktari wa upasuaji Thomas Gibson. Walikuwa na mgonjwa wa kike aliyeungua, wakampandikiza vipande vya ngozi ya kaka yake. Vikashika, kisha vikafa. Wiki mbili hivi baada ya vile vya kwanza waliweka vingine vya kaka yuleyule, navyo vikaharibika upesi zaidi. Hapo Medawar akaona kwamba mwili una kumbukumbu: ulishamjua kaka, safari ya pili ukamkabili ukiwa tayari. Waliandika matokeo hayo mwaka 1943, na baadaye akayathibitisha kwa sungura.

Watafiti waliofuata wakafafanua zaidi. Mtu aliyewahi kushika mimba, kuongezewa damu au kupandikizwa kiungo anaweza kubaki na kingamwili. Hizo hazifanyi kazi peke yake. Zinanata kwenye mishipa ya kiungo kipya na kuacha mkia nje, halafu seli za ulinzi zinaushika mkia huo na kushambulia. Yaani kingamwili ni kama mtu anayepiga yowe la mwizi: mtaa mzima unatoka.

Mwaka 1953, Medawar na wenzake Billingham na Brent walionyesha kwamba panya aliyepewa seli ngeni kabla hajazaliwa anaweza kuja kuipokea ngozi ya huyo mgeni. Mwaka huohuo aliuliza pia inakuwaje mwili wa mama haumkatai mtoto aliye tumboni. Swali hilo lilinigusa. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1960 pamoja na Burnet. Mwaka 1969 akapigwa na kiharusi, lakini aliendelea kuandika mpaka alipofariki mwaka 1987.

Nilimsimulia mama haya yote siku nilipomsindikiza kusafishwa damu. Nilimwambia mwili wake haunichukii, ila unanikumbuka tu. Akacheka, akanishika mkono. Mama mdogo naye amejitolea kupimwa. Tunasubiri majibu yake.