Tazio Nuvolari: Dereva na Kobe Wake

Wanaosimulia maisha ya Tazio Nuvolari hupenda kuanzia Nürburgring, Ujerumani, tarehe 28 Julai 1935. Siku hiyo, akiwa na umri wa miaka 42, aliendesha Alfa Romeo iliyokwisha kupitwa na wakati dhidi ya magari tisa ya Mercedes-Benz na Auto Union, yenye nguvu kuliko lake. Katika mzunguko wa mwisho tairi la Manfred von Brauchitsch, aliyekuwa akiongoza, lilipasuka, na Mwitaliano huyo mfupi akashinda ugenini. Ushindi huo unastahili sifa zake. Hata hivyo, mimi naona kuwa ukubwa wa Nuvolari unaonekana zaidi katika miaka yake ya mwisho, alipokuwa mzee, mgonjwa na mfiwa.

Alizaliwa tarehe 16 Novemba 1892 huko Castel d'Ario, karibu na Mantova, kaskazini mwa Italia. Alichelewa kuanza: alikaribia miaka 30 aliposhindana kwa mara ya kwanza, tena kwa pikipiki. Mwaka 1925 alipata ajali Monza akijaribu gari la Alfa Romeo. Siku chache baadaye, mwili ukiwa umefungwa bendeji, alipandishwa juu ya pikipiki yake ya Bianchi akashinda mbio. Kisha akahamia kabisa kwenye magari. Alishinda Mille Miglia mwaka 1930 na 1933, Targa Florio mwaka 1931 na 1932, na Le Mans mwaka 1933 pamoja na Raymond Sommer.

Mwaka 1932 mshairi Gabriele D'Annunzio alimpa zawadi ya kobe mdogo wa dhahabu. Ilikuwa kinaya ya mshairi: mnyama aendaye polepole kuliko wote kwa mtu aendaye mbio kuliko wote. Nuvolari alimvaa kobe huyo kifuani, juu ya fulana yake ya manjano, akamfanya alama yake. Sisi tuliolelewa kwa hadithi za kobe na sungura tunamwelewa kobe kwa namna nyingine: ndiye anayeendelea kutembea wakati wengine wamelala. Naamini maana hii ya pili ndiyo iliyomfaa Nuvolari kadiri miaka ilivyopita.

Mwaka 1937, akiwa melini kuelekea Marekani kushindana, alipata habari kwamba mwanawe Giorgio amefariki. Mwaka 1946 alifariki na Alberto, mtoto wake wa pili. Kila mmoja alikuwa na miaka 18. Nyumba ikabaki na wazee wawili, yeye na mkewe Carolina. Tena mapafu yake yalikuwa yameharibika kwa moshi wa injini aliouvuta miaka mingi. Wengi wangeweka funguo mezani. Yeye alirudi barabarani.

Katika Mille Miglia ya mwaka 1947, akiwa na miaka 54, aliendesha Cisitalia ndogo isiyo na paa, yenye injini ya sentimita za ujazo 1,100 tu. Mvua kubwa ilimnyeshea njiani, maji yakaingia kwenye mfumo wa umeme wa injini, akapoteza dakika nyingi. Clemente Biondetti, mwenye Alfa Romeo ya injini kubwa zaidi ya mara mbili, alimpita. Nuvolari alimaliza wa pili. Mwaka uliofuata alipewa Ferrari, akawaacha wote nyuma sana huku gari likimvunjikia njiani: boneti liling'oka, kiti kikalegea. Karibu na Reggio Emilia gari lilishindwa kabisa kuendelea, na Biondetti akashinda tena.

Mbio zake za mwisho zilikuwa za kupanda Monte Pellegrino, Sicilia, tarehe 10 Aprili 1950. Alikuwa na miaka 57, akashinda katika kundi la magari madogo. Hakutangaza kustaafu. Alifariki nyumbani kwake Mantova tarehe 11 Agosti 1953, akazikwa na mavazi yake ya mbio.

Orodha za washindi za mwaka 1947 na 1948 zinamtaja Biondetti, na ni haki yake. Lakini orodha huandika nani alifika kwanza. Haiandiki mtu alibeba nini njiani. Kazi hiyo imeachiwa sisi tunaosimulia maisha ya watu.