Dkt. Johann Ludwig Krapf (1810–1881)

Wamisionari wa Kijerumani walipofungua kituo cha Kisarawe mwaka 1892, walikikuta Kiswahili tayari kina sarufi na kamusi zilizochapishwa. Miongoni mwa walioweka msingi huo ni mtu ambaye hakupata kujenga kituo Uzaramo, Dkt. Johann Ludwig Krapf.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 huko Derendingen, Württemberg, akalelewa katika Kanisa la Kilutheri. Mwaka 1837 alitumwa Ethiopia na chama cha misioni cha Kiingereza, CMS. Huko aligawa Maandiko Matakatifu, naye akapata miswada ya kale ya Kanisa la nchi ile, akaipeleka Tübingen.

Januari 1844 alifika Unguja, na Seyyid Said akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani. Mwezi wa Julai, mjini Mombasa, homa ilimchukua mkewe Rosine, na mtoto wao mchanga akafariki pia. Katika majonzi hayo Krapf hakuacha kutafsiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Sura za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka 1847.

Mwaka 1848, na tena 1852, alikwenda Usambara kwa Mfalme Kimweri. Desturi ya safari zile ilikuwa kwamba mgeni haendi mikono mitupu. Nguo na shanga zilitangulia maneno. Lakini nguo huchakaa, na kwa hesabu ya waongofu kazi yake ilionekana bure. Mringe, mtu aliyelemaa, alibatizwa mwaka 1851 akiwa karibu kufa.

Krapf aliondoka mwaka 1853, afya imemwishia. Alipeleka Ujerumani miswada ya tenzi za Kiswahili, ukiwamo Utendi wa Tambuka. Hivyo hazina ya Waislamu wa pwani ikatunzwa kwa mkono wa Mlutheri. Alifariki Korntal tarehe 26 Novemba 1881, amepiga magoti katika sala. Kamusi yake ilitoka mwaka uliofuata.

Shanga zimepotea, Neno limebaki. Lisomwapo leo madhabahuni Kisarawe na Kibaha, Wakristo wakumbuke kwamba limepita mikono mingi, ukiwamo wa kadhi yule. Anayemshukuru Mungu kwa ajili ya Krapf na awashukuru pia wenyeji waliompa maneno.