Salvador Luria: Mkimbizi aliyefichua siri ya bakteria na virusi

Tukisikia neno virusi, wengi wetu hufikiria mafua, surua, au kideri kinachomaliza kuku bandani. Lakini hata bakteria, viumbe wadogo tusioweza kuwaona kwa macho, nao wana virusi vyao vya kuwaua. Wanasayansi huviita bakteriofaji. Kirusi cha aina hiyo hujishikiza kwenye ukuta wa bakteria, huingiza vinasaba vyake ndani, na kumlazimisha atengeneze virusi vingine vingi. Mwishowe bakteria hupasuka, na virusi vipya hutoka kwenda kuwatafuta wengine. Kwa baadhi ya virusi, kazi yote hiyo haimalizi nusu saa.

Kama hali ndiyo hiyo, kwa nini bakteria hawajaisha duniani? Katika makala haya tunamtazama Salvador Luria, mmoja wa watu waliosaidia kulijibu swali hilo.

Luria alizaliwa tarehe 13 Agosti 1912 katika mji wa Turin, Italia, katika familia ya Kiyahudi. Alisomea udaktari mjini humo na kuhitimu mwaka 1935, lakini moyo wake ulikuwa kwenye utafiti kuliko kutibu wagonjwa. Mwaka 1938 alikuwa amepata ufadhili wa kwenda kusoma Marekani. Wakati huohuo serikali ya Benito Mussolini ilitangaza sera za kuwabagua Wayahudi, na nafasi yake ikapotea. Luria akaondoka nchini kwake na kwenda Paris, Ufaransa.

Huko nako hakukaa sana. Juni 1940 majeshi ya Ujerumani yaliukaribia mji, na Luria akakimbia kwa baiskeli. Alisafiri hadi Marseille, bandari ya kusini mwa Ufaransa, ambako alipata kibali cha kuingia Marekani. Septemba mwaka huo aliteremka New York akiwa mkimbizi.

Marekani alikutana na Max Delbrück, mwanafizikia aliyekuwa ameihama Ujerumani ya Hitler. Marekani ilipoingia vitani, wote wawili walihesabiwa kisheria kuwa raia wa nchi adui. Hata hivyo waliendelea na utafiti wao juu ya bakteriofaji.

Jambo moja lilikuwa likiwasumbua watafiti wa wakati ule. Ukitia virusi kwenye kichupa chenye mamilioni ya bakteria, maji yaliyokuwa na ukungu hubadilika yakawa safi, kwa sababu bakteria wamepasuka. Baada ya muda ukungu hurudi. Wapo wachache walionusurika, wamezaana, na kizazi chao hakidhuriki tena na virusi vile. Je, wachache hao walijifunza kujikinga baada ya kuguswa na virusi? Au walikuwa tayari wamezaliwa tofauti, hata kabla adui hajafika?

Mwaka 1943 Luria alikuwa ameanza kufundisha Chuo Kikuu cha Indiana. Jioni moja alihudhuria dansi ya walimu wa chuo. Hapo palikuwa na mashine ya kamari, ya aina ile ya kutumbukiza sarafu ambayo wengi wetu tunaijua. Mwenzake mmoja alikuwa akicheza na kuliwa, Luria akimtania. Ghafla mashine ikamwaga sarafu nyingi kwa mpigo. Luria akaanza kuwaza jinsi mashine ile inavyolipa: mara nyingi haitoi kitu, halafu mara mojamoja inatoa fungu kubwa.

Akaligeuza wazo hilo kuwa jaribio. Aliotesha bakteria katika vichupa vingi vidogo, kila kimoja kikianza na bakteria wachache. Walipozaana, alimwaga kila kichupa kwenye sahani yake iliyojaa virusi, kisha akahesabu walionusurika. Kama kinga inaletwa na virusi vyenyewe, kila sahani ingekuwa na walionusurika kwa idadi zinazokaribiana. Lakini kama kinga hutokea kwa bahati wakati bakteria wanazaana, matokeo yangefanana na malipo ya ile mashine. Bakteria akibadilika mapema, huacha wajukuu wengi wenye kinga. Asipobadilika yeyote, sahani hubaki tupu.

Matokeo yalikuwa kama ya kamari. Katika jaribio moja la vichupa 20, vichupa 11 havikutoa hata mmoja aliyenusurika, na kimoja kilitoa 107. Delbrück aliandaa hesabu za kueleza matokeo hayo, nao wakayachapisha mwaka uleule wa 1943. Ikawa wazi kwamba bakteria wenye kinga walikuwapo kabla virusi havijafika. Virusi viliwaua wengine tu, na kuwaachia wao nafasi.

Miaka michache baadaye Luria alihamia Chuo Kikuu cha Illinois. Huko alikuta fumbo jingine. Virusi viliingia ndani ya aina fulani ya bakteria na kuwaua, lakini ilionekana kana kwamba hakuna virusi vipya vilivyotoka. Siku moja kichupa cha bakteria aliowazoea kilivunjika. Ili kazi isilale, akatumia bakteria wa kuhara damu kutoka maabara ya jirani. Kumbe virusi vipya vilikuwapo! Vilizaana vizuri ndani ya bakteria hao wa kuhara damu, ingawa ndani ya wale wa kwanza vilizuiwa. Mwaka 1952, yeye na Mary Human waliandika kuhusu jambo hilo.

Maelezo kamili yalikuja katika miaka ya 1960 kutoka kwa Werner Arber wa Uswisi. Bakteria wengi wana vimeng'enya vinavyokata vinasaba vya kigeni vipande vipande. Vinasaba vyao wenyewe huwekewa alama ili visikatwe. Baadaye wanasayansi walivichukua vimeng'enya hivyo na kuvitumia kama mkasi wa kukatia vinasaba maabara. Ni moja ya zana zilizowezesha bakteria kutengeneza insulini ya binadamu, ambayo wagonjwa wa kisukari huitumia leo.

Mwaka 1969 Luria, Delbrück na Alfred Hershey walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Luria hakunyamaza kuhusu siasa pia. Alipinga wazi vita vya Marekani nchini Vietnam, na sehemu ya fedha za tuzo yake aliwapa waliokuwa wakivipinga. Alifariki tarehe 6 Februari 1991, akiwa na miaka 78.

Kwetu sisi wa vijijini, jaribio lake la mwaka 1943 lina somo la karibu sana. Watafiti wengine walionyesha baadaye kwamba kanuni ileile inahusu dawa za kuua bakteria. Kati ya bakteria wengi, huenda wakawapo wachache waliokwisha kubadilika kwa bahati hata kabla ya dozi ya kwanza. Kila tunapomeza dawa hizo kwa mafua ambayo hayaletwi na bakteria, au kuwachanganyia kuku bila kumuuliza daktari wa mifugo, tunawaua walio dhaifu na kuwaachia sugu uwanja. Siku ugonjwa wenyewe ukija, dawa hiyo inaweza isifanye kazi.

Mwaka 1984 Luria alitoa kitabu cha maisha yake. Katika jina lake alitaja vitu viwili: mashine ya kamari, na kichupa kilichovunjika.