Thomas Huxley, mwalimu wa jioni aliyeeleza wafanyakazi maana ya teori

Somo la mageuko ya viumbe likifika, wanafunzi wengi wa segondari wanasema hiyo ni teori tu, yaani mawazo ya mtu. Katika sayansi, neno hilo lina maana ingine. Mwingereza Thomas Henry Huxley alitumia miaka mingi kueleza tofauti hiyo kwa watu wenye mashaka.

Alizaliwa tarehe 4 Mei 1825 kule Ealing, karibu na London. Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu, lakini pesa zilikosekana nyumbani, na kijana alisoma shule miaka 2 tu. Mengine alijifundisha mwenyewe. Alisomea udaktari, akaingia jeshi la majini, na kati ya 1846 na 1850 alifika Australia na New Guinea ndani ya meli Rattlesnake, akichunguza wanyama wa bahari.

Mwaka 1854 alipata kazi ya kufundisha katika shule ya migodi, London. Mwaka uliofuata akaanza masomo ya jioni kwa wafanyakazi wa mikono.

Charles Darwin alipotoa kitabu chake mwaka 1859, Huxley alikitetea. Juni 1860, kule Oxford, alibishana hadharani na Askofu Samuel Wilberforce. Hadi leo anajulikana kama mbwa mlinzi wa Darwin. Lakini mbele ya wafanyakazi hakubweka, alieleza pole pole.

Alitoa mfano wa pome. Mtu anauma pome ya kijani, ngumu, anakuta ni chachu. Anauma ya pili, vile vile. Ya tatu anaikataa bila kuonja. Tayari ametengeneza kanuni. Akisikia kwamba watu wa fasi zingine wameona vile vile, kanuni inapata nguvu. Mwanasayansi anafanya hivyo hivyo, ila kwa uangalifu na vipimo zaidi. Basi teori ni maelezo yanayojaribiwa kila siku na mambo yanayoonekana. Yakishindwa, yanaachwa.

Huxley hakuficha udhaifu wa teori aliyoitetea. Wafugaji walikuwa wametoa njiwa za sura nyingi kutoka njiwa mmoja wa porini, lakini zote ziliendelea kuzaliana. Kwake, pengo hilo lilipaswa kujazwa kwanza. Yeye na Darwin walibishana kwa barua juu ya jambo hilo. Nyuma ya kifo chao, wataalamu waliona mimea mipya ikitokea ambayo haizai tena na ile iliyoitoa.

Mwaka 1868, mjini Norwich, aliwaeleza wafanyakazi historia ya dunia kwa kipande cha chaki: imejaa maganda ya vijidudu vya bahari, kumbe nchi kavu ile ilikuwa chini ya maji zamani.

Juu ya Mungu, Huxley alisema hajui, na yeye ndiye aliunda neno la Kiingereza la watu wenye msimamo huo. Hata hivyo, alipoingia baraza la shule za London mwaka 1870, aliunga mkono Biblia isomwe shuleni. Mwaka 1871 alianza kufundisha walimu wenyewe, wakipasua mimea na wanyama na kutazama kwa mikroskopi, sababu hakutaka mwalimu afundishe kitu ambacho hajaona kwa macho yake.

Alikufa Eastbourne tarehe 29 Juni 1895, akiwa na miaka 70.