Nellie Bly: Aliyejitia Wazimu

Mwandishi huyu jina lake halisi lilikuwa Elizabeth Cochran. Alizaliwa mwaka wa 1864 huko Pennsylvania, Marekani. Babake alifariki yeye akiwa mdogo, nao umaskini ukabisha hodi.

Mwaka wa 1887, gazeti la New York World lilimpa kazi ya hatari: achunguze hospitali ya wanawake wenye wazimu katika kisiwa kimoja cha jiji la New York. Basi akajitia wazimu. Madaktari wakadanganyika, akafungiwa humo.

Aliyoyaona yalikuwa kama sinema ya kutisha. Wagonjwa walimwagiwa maji baridi kama barafu, wakapewa chakula kibovu na kupigwa na wauguzi. Wengine walikuwa wazima kabisa, ila ni wageni wasiojua Kiingereza! Naye alipoacha kuigiza, ati hakuna aliyemsadiki.

Baada ya siku 10 gazeti likamtoa. Habari zake zilipochapishwa, uchunguzi ulifanywa na jiji likaongeza fedha za kuwatunza wagonjwa.

Aliaga dunia mwaka wa 1922. Wenzangu, kabla hujamwita mtu kichaa, msikilize kwanza.