Shaaban Robert na jalada la nyuma la Kusadikika

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 huko Vibambani, karibu na Tanga, wakati Tanganyika ilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa kuwa karani wa forodha, kazi iliyomfikisha Pangani. Baadaye alihamia idara ya wanyama wa porini, ofisi ya wilaya ya Tanga, na ofisi ya upimaji wa ardhi. Kwa zaidi ya miaka 30 aliishi kwa mshahara wa serikali ya kikoloni.

Ukoo wa baba yake ulikuwa wa Kiyao, lakini yeye alijitambulisha kuwa Mswahili. Jambo hili linanigusa. Kwetu Kasaji, kwenye njia ya reli kati ya Kolwezi na Dilolo, Kiswahili hukutana sokoni na Kichokwe na Kiruund; watu huitwa batu, na hakuna anayejiita Mswahili. Hata hivyo lugha ni yetu.

Vitabu vyake vilichapishwa mbali na nyumbani. Pambo la Lugha kilitoka Johannesburg mwaka 1947. Kusadikika ilitoka mwaka 1951. Alifariki mwaka 1962, miezi michache tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Kufikirika ilichapishwa mwaka 1967, na Utubora Mkulima mwaka 1968. Mwandishi hakuwahi kuvishika vitabu hivyo viwili, wala kusema neno juu ya yatakayoandikwa kwenye majalada yake. Wengine ndio walioachiwa kumwita msomaji kwa niaba yake.

Kazi hiyo ndiyo tuliyopewa darasani muhula huu: kuandika maneno ya jalada la nyuma kwa msomaji wa nyumbani. Nilichagua Kusadikika. Kishawishi cha kwanza kilikuwa kumwuza Shaaban Robert kama mwasi aliyewapiga wakoloni kwa kalamu. Maneno hayo yangeuza kitabu Kolwezi kesho asubuhi. Lakini mtu huyu alikuwa karani wao, na Waingereza walimpa nishani ya MBE. Kitabu chake kinauma, ndiyo, ila kinauma kwa kuzunguka, si kwa kupiga kelele.

Mvuto wa kweli upo ndani ya kitabu. Anza na jina. Kiambishi -ik- katika kusadikika kinaonyesha jambo linaloweza kusadikiwa, na jina hilo amepewa nani? Nchi inayoelea angani! Msomaji akishajua hivyo, ameshacheka, na ameshaanza kushuku. Kisha kuna Karama, anayeshtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa nchi za mbali kutafuta mema, wakarudi nayo, wakatupwa gerezani.

Basi nikaandika sentensi 4. Ya kwanza inaitaja nchi ya angani, ya pili mshtakiwa na kosa lake, ya tatu wajumbe na malipo yao. Ya nne inauliza kama mahakama itasikia. Hukumu sikuitaja. Ukoloni sikuutaja, wala viongozi wa leo, wala migodi. Mtu wa Lualaba aliyewahi kumwona msema kweli akinyamazishwa hahitaji kuelekezwa kwa kidole. Akifika kwa mjumbe wa pili atajua mwenyewe anasoma habari za nani.

Niliandika kwa Kiswahili sanifu, lakini nilichagua maneno ambayo mama muuza mihogo wa Kasaji angeyaelewa bila kamusi. Hapo ndipo nadhani tunamtendea haki marehemu. Jalada likiahidi kitabu ambacho hakumo ndani, msomaji atakifunga kwenye ukurasa wa 10, na aliyekosewa ni wawili: aliyenunua, na aliyelala Tanga asiyeweza kujibu.