Max Theiler, Mzaliwa wa Pretoria Aliyeikabili Homa ya Manjano

Watoto, waombeni wazazi wawaonyeshe kile kijitabu cha manjano kinachowekwa pamoja na pasipoti. Familia zetu nyingi zinazotoka Kenya, Uganda au Kongo huulizwa kijitabu hicho zinapotua Johannesburg. Ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mtu aliyeongoza kazi ya kuitengeneza chanjo hiyo alizaliwa jirani yetu, Pretoria, safari fupi ya Gautrain kutoka hapa Sandton.

Jina lake ni Max Theiler. Alizaliwa tarehe 30 Januari 1899. Baba yake, Arnold, alikuwa daktari wa mifugo kutoka Uswisi. Max alisoma Afrika Kusini, akaenda London kusomea udaktari, na mwaka 1922 akahamia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani.

Homa ya manjano huenezwa na mbu. Hushambulia ini, macho na ngozi vikageuka rangi, na wagonjwa wengi walikufa. Hata watafiti hawakusalimika: Adrian Stokes alifariki Lagos mwaka 1927, na Hideyo Noguchi akafariki Accra mwaka 1928. Mwaka 1929 Theiler naye aliambukizwa akiwa kazini. Alipona, na tangu hapo mwili wake ukawa na kinga.

Kwa nini? Mwilini mna askari. Wakikutana na virusi vigeni, huhitaji siku kadhaa kujifunza kuvitambua na kutengeneza kingamwili za kuvinasa. Vita vikiisha, baadhi ya askari hubaki wakimkumbuka adui. Akirudi, hupigwa mapema. Shida ni kwamba wengine hufa kabla mwili haujamaliza kujifunza. Theiler alitaka mwili upate somo lile lile bila kuhatarisha maisha.

Mwaka 1930 alijiunga na Rockefeller Foundation, New York. Yeye na wenzake walichukua virusi vilivyotoka katika damu ya Asibi, mgonjwa wa Ghana aliyepona. Wakavikuza katika chembe hai za panya, kisha za kuku, wakirudia zaidi ya mara mia moja. Virusi vilidhoofika, lakini askari wa mwili waliendelea kuvitambua. Mwaka 1937 wakapata chanjo iitwayo 17D. Kati ya 1940 na 1947, Rockefeller Foundation ilitengeneza dozi zaidi ya milioni 28.

Mwaka 1951 Theiler alipewa Tuzo ya Nobeli ya Tiba, akiwa mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kupata Nobeli. Alifariki tarehe 11 Agosti 1972. Chanjo yake inatumika mpaka leo, na kwa watu wengi sindano moja hutosha maisha yote. Kinga ni bora kuliko tiba.

Maneno ya wiki: chanjo, kinga, kingamwili. Mweleze bibi au babu kwa simu, kwa Kiswahili, tofauti ya maneno hayo matatu.